Mwindaji wa upinde tumpime kwa kipimo gani?

Ukipita vijiji vya Sikonge, Kaliua au Urambo, au ukivuka Mto Malagarasi kuelekea Uvinza, hutakosa mzee aliyewinda kwa upinde tangu utoto wake. Alianza kwa kubeba podo la baba au la mjomba, akakabidhiwa upinde wake siku alipoweza kuuvuta hadi shavuni, na kazi hiyo akaiacha magoti yalipokataa. Wazee wa namna hii siku hizi ni wagumu kusema. Ukiuliza habari za uwindaji utatajiwa marehemu, kwa sababu aliye hai anajua neno la kwanza atakaloitwa ni jangili.

Wajukuu wao wanalo neno jingine, shujaa. Kwao babu ni yule aliyemwangusha nyati kwa mshale mmoja, au aliyekuwa mmoja wa watu wa tembo. Ukiyatazama majina hayo mawili utaona yote yanahesabu kitu kimoja: aliua nini, na wangapi. Moja linamhukumu kwa hesabu hiyo, jingine linamsifu kwa hesabu hiyohiyo. Mimi nashikilia kwamba mafanikio ya mtu aliyewinda kwa upinde maisha yake yote yako zaidi kwa wanyama aliowaona, akawakaribia, kisha akawaacha. Ujuzi uliomwezesha kuwaacha ndio tunaoupoteza sasa, na tunaupoteza wakati tunauhitaji sana.

Tuanze na umbali, maana mengine yote yanatokana nao. Mtu mwenye raifo anaweza kumpiga pofu, yule swala mkubwa, kwa mita mia mbili bila mnyama kujua kwamba kuna mtu. Mwenye upinde wa kienyeji, usio na shabaha ya kioo wala magurudumu ya kurahisisha kuvuta ugwe, lazima afike hatua ishirini, pengine pungufu. Katika miombo ya Tabora mwezi Agosti, majani yakiwa yamekauka na kupasuka chini ya kila kidole, hatua ishirini ni safari ndefu. Anavua viatu. Anabeba majivu kwenye kifuko, anayadondosha kidogo kidogo kuuona upepo unakokwenda. Mnyama akiinua kichwa, mwindaji anaganda hapo alipo, mguu mmoja ukiwa bado haujatua vizuri. Ndorobo wanamuuma shingoni na hana ruhusa ya kuinua mkono.

Mtu aliyekaa hivyo kwa muda mrefu anapata jambo ambalo bunduki haimlazimishi mwenyewe kulipata: anamjua mnyama aliye mbele yake. Anaona kama ni jike, kama chuchu zimejaa, kama kuna ndama aliyelala kwenye nyasi pembeni. Anaona kama ni dume aliyezeeka ambaye kundi limeshamtupa nje. Anaona mnyama amesimama vipi. Akiwa amemkabili uso kwa uso, kifua kina mfupa na mshale hautafika panapotakiwa. Akiwa amempa mgongo, utaingia tumboni. Anapaswa kusimama ubavu, au ageuke kidogo kuelekea mbele, mguu wa mbele ukiwa umesogea, ili njia ya kwenda kwenye mapafu iwe wazi. Nafasi hiyo isipopatikana, mwindaji wa kweli hapigi. Anarudi nyumbani mikono mitupu, na nyumbani kuna watu wanaongoja mboga.

Mzee mmoja wa upande wa Sikonge, ambaye jina lake nalihifadhi, aliwahi kunisimulia kuhusu korongo dume, yule swala na si ndege, aliyemfuata tangu alfajiri hadi jua la utosini. Alimfikia. Upinde ukawa umevutwa nusu. Korongo hakugeuka, alisimama vilevile akiangalia mbele, kisha upepo ukabadilika na mnyama akaondoka. Nilimuuliza babu kama hakuwazia kuachia tu mshale, kwa kuwa alikuwa karibu kiasi hicho. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuiba. Kisha akanieleza habari ndefu ya nyati aliyejeruhiwa vibaya na mtu wa kijiji jirani, miaka mingi nyuma, akaja kumuumiza mrina asali ambaye hakuwa na habari yoyote ya uwindaji ule.

Habari hiyo ya pili ndiyo inayoeleza maadili ya upinde vizuri kuliko mahubiri yoyote. Mnyama aliyejeruhiwa na kuachwa hakuwa jambo la mwindaji na dhamiri yake peke yao. Porini kuna warina asali wanaokaa makambini kwa wiki nyingi, kuna kina mama wanaookota kuni na uyoga, kuna watoto wanaochunga. Mwenye mshale alikuwa na deni kwao wote, na deni hilo lililipwa kwa kufuatilia damu hadi mwisho. Ndiyo maana elimu ya kufuatilia ilichukua miaka mingi kuliko elimu ya kulenga. Damu nyekundu inayong'aa, yenye povu, ni ya mapafu. Mnyama hayuko mbali. Damu nyeusi nzito ni ya ini. Keti, mpe muda. Damu chache iliyochanganyika na majani yaliyosagwa na harufu mbaya ni ya tumbo, na hapo mwenye pupa huharibu kila kitu, kwa sababu mnyama wa namna hiyo akisukumwa atakimbia mpaka apotee, lakini akiachwa saa nyingi atalala karibu. Anayejua hayo hufuata tone moja kwenye jani, kisha hakuna kitu kwa hatua thelathini, kisha jiwe lililogeuzwa upande wake wenye unyevu. Nani anafundisha mambo hayo leo?

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa mila hulikwepa. Upinde wa kwetu mara nyingi haukufanya kazi peke yake. Ulifanya kazi pamoja na sumu. Mimea ya jamii ya Strophanthus, ukiwemo ule wa magharibi na kaskazini mwa Tanzania uliopewa jina la Emin Pasha, ina sumu inayosimamisha moyo. Sumu hiyo ina historia ya kustaajabisha. John Kirk, aliyesafiri na Livingstone huko Zambezi kati ya 1858 na 1863, aliona jinsi sumu ya mishale inavyobadilisha mapigo ya moyo, na baadaye Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza kwenye maabara. Hospitali za Ulaya zikaja kuitumia kama dawa ya moyo. Maarifa ya msituni yakaingia kwenye vitabu vya tiba bila wenye maarifa kutajwa.

Sumu ilibadilisha hesabu ya maadili. Kwa sumu, kigumba chembamba na jeraha dogo vilitosha kumwangusha mnyama mkubwa, na upinde wenyewe haukuhitaji nguvu za kutisha. Bila sumu, mshale unaua kwa kukata mishipa na mapafu, kwa hiyo upinde lazima uwe mgumu, kigumba kiwe kipana chenye makali ya wembe, na mahali pa kupiga pawe ni pale pale tu. Hizo ni kazi mbili tofauti. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza sumu na silaha zilizotiwa sumu, na naiunga mkono. Wakati huu ambapo viuatilifu vya pamba na tumbaku vinauzwa kila gulio, kufungua mlango wa sumu ni kuua fisi, tai na mbwa wa kijiji kwa pamoja, na pengine na watoto. Anayedai upinde urudi basi aseme waziwazi kwamba anadai upinde usio na sumu, na akubali kwamba ni wazee wachache walioumudu huo.

Marekani nako kuna watu waliofikia maswali haya kwa njia yao, na inafaa kuwatazama. Mwaka 1911 alitokea Oroville, California, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, aliyekuja kujulikana kwa jina la Ishi. Daktari Saxton Pope akajifunza kwake kutengeneza upinde na kuwinda nao. Ishi alifariki 1916. Mwaka 1925 Pope na mwenzake Arthur Young walikuja hapa hapa Tanganyika, pamoja na mwandishi Stewart Edward White, kuwinda simba kwa mishale. White alikuwa hodari wa raifo, na raifo hiyo haikuwa mbali. Yaani elimu iliyotoka kwa mtu wa jamii iliyoangamizwa ilivuka bahari na kufika kwenye nchi ambayo wenyeji wake, wakati huohuo, walikuwa wakizuiwa na sheria za kikoloni kuwinda walivyozoea.

Kutoka kwa watu hao kikatokea kizazi cha akina Fred Bear, aliyezaliwa 1902 na kufariki 1988. Huyu aliwinda kwa upinde sehemu nyingi za dunia, na viwanda vyake ndivyo vilivyoufanya mchezo huo uwe wa watu wa kawaida nchini mwake. Katika maisha yake yote, kinachonivutia zaidi ni dubu wa barafu. Katika safari zake mbili za kwanza dubu ilibidi amalizwe kwa bunduki, na Bear hakuwahesabu kuwa ni wake. Alirudi tena na kufanikiwa kwa mshale peke yake mwaka 1966. Angeweza kunyamaza, nani angemkatalia kule kwenye barafu? Hapo namwona ndugu wa mzee wa Sikonge. Klabu iliyopewa jina la Pope na Young ilianzishwa 1961 ikaweka masharti ya uwindaji wa haki: mnyama awe huru, awe na nafasi ya kuponyoka, na mwindaji asitumie njia za kumnyima nafasi hiyo.

Lakini klabu hiyohiyo inapima pembe kwa futi kamba na kuandika alama kwenye daftari la rekodi, na hapo njia yetu na yao inaachana. Pembe kubwa ikishakuwa ndiyo kipimo, dume bora la kundi ndilo linalotafutwa. Mwaka 1969 ilitolewa hakimiliki ya upinde wa magurudumu uliobuniwa na Holless Wilbur Allen, na tangu hapo teknolojia imeongeza umbali mwaka hadi mwaka. Kila mita inayoongezwa inapunguza kitu katika yale niliyoeleza juu, maana mtu wa mbali haoni chuchu zilizojaa. Wapo Wamarekani wanaokataa magurudumu hayo na kubaki na upinde wa mti, na nadhani sababu zao wazee wetu wangezielewa bila mkalimani.

Nisije nikawapamba wazee wetu kupita kiasi. Unyamwezi ulikuwa na chama cha wawinda tembo, bayege, chenye mafunzo, dawa na miiko yake. Chama hicho hakikuzuia tembo kwisha. Karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe, na bei ya pembe ilipopanda, magobore na baruti vikaja kwa maelfu, na mpaka wa kuwindia tembo ukasogea magharibi, ukavuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema, Kongo ya leo. Miiko iliyotosha kwa mtu anayetafuta mboga haikutosha kwa mtu anayeuza pembe Unguja. Hilo limejirudia karibuni. Sensa za wanyamapori zilionyesha tembo takribani 109,000 nchini mwaka 2009, na 43,330 mwaka 2014. Walioangamiza tembo hao walitumia bunduki za kivita, zana za soko. Kwa hiyo anayesema upinde una maadili na bunduki haina, hajafika kwenye kiini. Maadili ya upinde yalikuwa na nguvu pale mwindaji, mlaji na jirani wa pori walipokuwa watu wa kijiji kimoja wanaoonana kila siku.

Wakoloni walilielewa hili vibaya, au hawakutaka kulielewa. Tangu amri ya wanyamapori ya gavana wa Kijerumani, Wissmann, mwaka 1896, kupitia sheria ya 1951, haki ya kuwinda ikafungwa kwenye leseni na bunduki, yaani kwenye fedha. Uwindaji wa mwenyeji ukaitwa ukatili na wa mgeni ukaitwa mchezo wa waungwana. Sheria ya 1974 na ya 2009 ni zetu wenyewe na zina shabaha nzuri, lakini zilirithi mazoea hayo ya kutomwona mzee wa upinde kama mtu mwenye elimu. Watongwe wa Mahale, ambako hifadhi ya taifa ilitangazwa 1985, waliijua milima ile kuliko mtu yeyote, na waliondoka na elimu yao.

Sasa tazama kilichochukua nafasi ya upinde. Ni waya. Waya wa breki, waya wa simu, waya uliochunwa kwenye matairi yaliyochomwa. Mtu anatega mitego mingi kwa siku moja na kurudi baada ya siku tatu, au asirudi. Waya hauangalii jike wala ndama. Unamshika nsya, unamshika simba aliyepita njiani, unamkata twiga mguu. Mnyama hufa kwa siku kadhaa, na mara nyingi huoza kabla hajaonwa. Kwa mtegaji hakuna kuvua viatu, hakuna majivu, hakuna kufuatilia damu. Sheria ikimkamata huyu na ikimkamata mzee mwenye upinde wa ukutani, inawaita jina moja, na kijijini watu wanaona kwamba kuwa mwangalifu hakuna faida yoyote.

Najua hoja ya askari wa wanyamapori, nami naiheshimu. Upinde hauna mlio. Mtu mmoja mwenye podo anaweza kufanya kazi usiku kucha mita chache kutoka doria na asisikike. Kwa hiyo sheria ya kukataza silaha ndani ya hifadhi ibaki ilivyo, na upinde ukiwemo. Pia watu wameongezeka: Mkoa wa Tabora ulikuwa na watu wapatao milioni 2.29 mwaka 2012, na sensa ya 2022 ikawakuta milioni 3.39. Miombo imekatwa kwa ajili ya mashamba na kukaushia tumbaku. Pori la Ugalla, ambako warina asali na wavuvi walikuwa wakipewa vibali vya msimu, limekuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla tangu 2019. Hakuna wanyama wa kutosha kumruhusu kila mwenye upinde aingie porini, na mfano wa Wahadzabe wa bonde la Eyasi hautusaidii. Wale ni watu wachache ambao uwindaji na kuchuma ndiyo maisha yao. Sisi ni wakulima wa mahindi na tumbaku, wafugaji, wafanyabiashara. Hatuwezi kuazima hoja yao.

Kwa hiyo sidai upinde urudi kuwa njia ya kupata mboga. Ninachodai ni kwamba ujuzi wake ufanyiwe kazi kabla haujazikwa, na mahali pa kuanzia papo. Tabora ina Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori za Ipole na Uyumbu, ambazo ni za wanavijiji wenyewe, zenye maeneo yao na askari wao. Askari hao wakipelekwa mafunzo ya Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, hurudi na nidhamu ya doria, sheria na ramani. Hakuna chuo kinachoweza kuwapa miaka hamsini ya kusoma nyayo za udongo wa Sikonge. Anayejua mnyama alipita saa ngapi anajua pia mtegaji alipita saa ngapi. Anayejua mahali ambapo tohe hushukia mbugani kunywa ndiye atakayekuonyesha mahali waya ulipotegwa, kwa sababu mtegaji naye anazifuata njia hizohizo.

Liko jambo la pili. Kanuni za uwindaji wa kitalii zinataka simba anayeuawa awe dume wa miaka 6 au zaidi, na uamuzi huo hufanywa kwa macho, porini, kwa dakika chache. Kusoma umri wa mnyama kwa manyoya, kovu, mwendo na nafasi yake kwenye kundi ni kazi ile ile ya hatua ishirini. Tangu kanuni za 2020 ziruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, swali la ni mnyama gani anayetolewa na nani anamchagua limekuwa kubwa zaidi, kwa sababu sasa kuna mteja anayesubiri mjini. Nimeshaeleza bei ilifanya nini kwa pembe. Ningependa kila mgawo unaotolewa kwenye maeneo ya vijiji upitie kwanza macho ya watu wanaojua kundi fulani lina majike wangapi wenye mimba mwezi huo.

Na lipo la tatu, jepesi kuliko yote: kulenga shabaha. Vijana wa Tabora wanaweza kufundishwa upinde wa kienyeji viwanjani, bila mnyama yeyote kuguswa, na mafundi wakaonyesha jinsi ya kuchonga upinde, kusokota ugwe na kufunga manyoya. Shule na makumbusho madogo kama lile la Kwihara yangeweza kulifanya hilo bila gharama kubwa.

Kikwazo kikubwa ni woga. Mzee hatasema anachojua mbele ya mtu mwenye sare kama anadhani maneno yake yatageuka kuwa maelezo ya polisi. Halmashauri na jumuiya hizo ziandike makubaliano ya wazi kwamba anayefundisha hataulizwa aliwinda wapi wala lini, na makubaliano hayo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya mwenyekiti na wana wa mzee huyo. Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai. Miezi ya kabla ya hapo inatosha kuwatoa askari wachache wapya pamoja na mzee mmoja na kuwaachia pori la kijiji wiki kadhaa. Na akimaliza asipewe kofia na soda. Alipwe posho ileile anayolipwa mkufunzi anayetoka mjini, kwa hundi yenye jina lake.